Jibu Aliloandika Dawlat kwa Wino

Dawlat hakuumbiwa kukaa, na kazi aliyopewa ilikuwa ya kukaa. Opereta wa simu za mbali, ofisi kuu ya Aleksandria, kiti kile kile tangu alipoajiriwa akiwa msichana, na mguu wake wa kulia haukutulia hata siku moja. Unapiga sakafu, unapiga, mpaka ubao mzima wa kuunganishia simu unatetemeka na chai yangu inamwagika kwenye kisahani. Mimi Ratiba ndiye niliyekaa kiti cha pembeni yake miaka yote hiyo, kwa hiyo nina haki ya kulalamika. Nilishamwambia, dada, ama utulize huo mguu ama nitaufunga kwa waya wa serikali. Anacheka, anautuliza, halafu anaanza na wa kushoto.

Kilichomtuliza ni kitu kimoja tu, fumbo la maneno la gazetini. Na si lile dogo la watoto. Ni lile kubwa la ukurasa wa nyuma, lenye miraba mpaka macho yanauma, na vidokezo vilivyoandikwa na mtu asiyependa watu.

Saa yake ilikuwa baada ya adhuhuri. Wakati huo mji wetu unakula na kulala, maduka yanateremsha milango, na wakubwa wa serikali wanakoroma majumbani kwao. Simu zinapungua. Wengine hapo ukumbini walikuwa wakifuma sweta, wengine wakimenya turmusi, zile punje za kutafuna, na kutemea maganda kwenye kiganja, wengine wakilala macho wazi, ufundi ambao mtu huupata baada ya miaka kazini. Dawlat anakunjua gazeti, anachomeka plagi ya Sohag, na mguu unanyamaza.

Mbona Sohag? Nitasema. Gazeti hutoka Kairo. Kwetu linafika asubuhi na mapema, lakini kule kusini linakwenda na treni, na linaingia Sohag wakati wa adhuhuri. Siku moja zamani Dawlat alikuwa amemuunganishia mfanyabiashara mmoja wa pamba, na mtu wa upande wa pili akawa hapokei. Wakati wa kungoja, Dawlat akajisomea kidokezo kwa sauti, bila hata kujua anasikika. Opereta wa Sohag akamtajia jibu. Sauti nzito ya kiume, ya pole, isiyo na haraka. Akaomba radhi kwa kuingilia. Jina lake Nazmi, na tangu siku hiyo kila fumbo lilijazwa na watu wawili waliotenganishwa na urefu wa nchi nzima na hawakuwahi kuonana.

Msimamizi wetu, Bi Inshirah, alikuwa mkali kama siki. Alikuwa na plagi yake maalumu ya kusikiliza laini yoyote, na maongezi ya kibinafsi yalikuwa marufuku. Mtu anakatwa mshahara hivi hivi. Lakini fumbo aliliachia. Sababu yake naijua: jioni alikuwa akilibeba gazeti lenye majibu nusu, anakwenda kulimalizia mbele ya mumewe na kujifanya mjuzi. Basi Dawlat na Nazmi waliongea vidokezo, na vidokezo tu.

Nami nikiwa pembeni, na visikilizio vyake vikivujisha sauti, nikajifunza bila kutaka. Dawlat alikuwa mtu wa maneno madogo. Alianza na yale ya herufi mbili na tatu, yaliyotawanyika pembeni, mto wa Ulaya, alama ya muziki, kiungo cha mwili kilichoandikwa kinyumenyume. Alisema maneno madogo ni wambeya, yatakuambia siri za yale makubwa. Nazmi yeye alimchunguza mtungaji. Akasema mtungaji ni binadamu, anaanza juu kulia, kama Kiarabu kinavyoandikwa, na maneno yake mazuri aliyoyapenda, na akifika chini kushoto amechoka, anachomeka chochote kinachoingia. Kwa hiyo kule chini usitafute akili, tafuta uchovu. Nilicheka niliposikia hivyo, lakini nilipoangalia niliona ni kweli kabisa. Kila fumbo, ile kona ya chini ndiyo iliyojaa vitu vya ajabu, nusu ya jina la mnyama, herufi tatu zilizokorogwa.

Na kuhusu vidokezo vya hila, Dawlat alikuwa na kauli yake. Alisema kidokezo hakiwi kigumu kwa sababu hulijui jibu, kinakuwa kigumu kwa sababu umeshajiamulia kinauliza nini. Ukiona "ana meno lakini haumi", usikimbilie wanyama. Kaa, uliza ni nini kingine chenye meno, msumeno, kitana, ufunguo. Nazmi naye alikuwa na sheria moja aliyoishika sana. Kila herufi inayopitiwa na neno la upande mwingine aliiita shahidi. Neno lisilo na mashahidi wawili, mtu aliandike kwa penseli, tena kwa mkono mwepesi. Dawlat alikubali kwa mdomo tu. Mkononi alikuwa na kalamu ya wino, na akiwa na uhakika, anaandika na kukandamiza.

Sasa, miaka ya mwanzo, jambo likatokea. Katikati ya fumbo tukasikia kwenye laini mlango ukifunguliwa kule Sohag na sauti ya mtoto wa kike ikisema, "Baba, chakula chako." Nazmi akajibu, "Weka hapo, mwanangu." Basi. Dawlat akaendelea na kidokezo kinachofuata, sauti haikutetereka, ila nilimwona akichomoa plagi kabla fumbo halijaisha. Ilikuwa mara ya kwanza. Nikamuuliza kulikoni, akasema kichwa kinamuuma. Kichwa gani? Alikuwa amejijibu: mtu ana mke, ana watoto, funga faili. Wala hakuuliza, wala hangeuliza. Mwanamke kumuuliza mwanamume mambo ya nyumbani kwake kwenye laini ya serikali, habari ingefika Aswan kabla ya alasiri. Na mtu wa kusini naye hazungumzii wanawake wa nyumbani kwake mbele ya watu, umchinje asizungumze. Kwa hiyo wakabaki na mito ya Ulaya na wafalme wa kale, mwaka baada ya mwaka, naye Dawlat akikataa wachumba kwa visababu ambavyo hata mimi rafiki yake nilivionea haya. Mmoja alimkataa kwa sababu anatafuna kwa kelele.

Halafu tukaletewa mitambo mipya. Watu wa mbali wataweza kujipigia wenyewe, kwa kuzungusha namba, bila opereta. Tukaambiwa laini za kusini zitakatwa kwenye mbao zetu na kupelekwa kwenye mitambo siku ya Jumatano, na sisi tutahamishiwa idara ya malalamiko. Wenzangu walishangilia, maana malalamiko kuna viti vyenye mito. Dawlat aliacha kula. Miguu yote miwili ikawa inapiga sakafu kwa wakati mmoja.

Mama yake, Bi Tafida, mjane mwenye ulimi wa kukata bati, aliona ndio wakati. Akaleta mchumba, Haji Shawqi, aliyefiwa na mke, mwenye duka la vigae na mabeseni ya kuogea pale Moharram Bey. Mtu safi, mpole, ana nyumba yake, anatafuna kimya. Bi Tafida akamwambia bintiye, bila kupepesa, kwamba umri unakwenda na mitambo ya simu haioi mtu. Dawlat akaja kazini akaniuliza nionavyo. Nikamwambia ukweli: huyo wa Sohag ana mkewe, na wiki ijayo hata sauti yake hutaisikia. Unamngojea nani?

Akakubali. Ijumaa wazee wakakaa sebuleni wakasoma Fatiha, na kwetu Fatiha ikishasomwa binti ameshakuwa wa watu. Nilikuwepo, nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Dawlat alisimama muda wote, anamimina sharubati, anaokota vikombe ambavyo watu bado wanavinywea. Haji Shawqi, maskini, akanong'ona kwamba amempenda kwa uchapakazi wake.

Wiki ile ofisini hapakukalika. Aliinuka kunywa maji, akarudi, akainuka kufungua dirisha, akarudi, akainuka kulifunga. Bi Inshirah akamuuliza kama anakaa juu ya makaa. Na fumbo halikuendelea vizuri. Alikuwa akijibu harakaharaka, akikosea, akikata. Nazmi alimngojea tu, kama kawaida yake.

Jumatano, siku ya mwisho, mafundi walikuwa tayari ukumbini wanavuta nyaya nyuma ya mbao zetu. Laini zilikuwa na mkwaruzo. Tuliambiwa saa kumi alasiri Sohag inakatwa, kabla ya kufunga ofisi. Dawlat akachomeka plagi mapema kuliko siku zote, na mimi, sisemi uongo, nikachomeka yangu nisikilize.

Fumbo likakwama. Lilikwama kwenye kona ya juu kushoto, maneno matatu madogo, na hakuna hata moja lililotaka kuingia. Dawlat akajaribu hili, akajaribu lile, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Nilisikia pumzi yake kwenye laini.

"Hapo unapofuta hapana kosa," Nazmi akasema. "Mfute mfalme."

Mfalme alikuwa neno refu la juu kabisa, mfalme wa zamani wa Babeli, ambalo Dawlat alikuwa ameliandika mwanzo kabisa, kwa wino, akajisifu.

"Mfalme nina hakika naye."

"Ndiyo maana nikakwambia umfute. Mtu akikwama, kosa haliko alipokwama. Liko kwenye lile neno ambalo hajawahi kulitilia shaka. Una shahidi gani wa huyo mfalme?"

Dawlat aliweka kalamu chini. Nikamgeukia. Uso ulikuwa umemwisha damu, na miguu yake, wallahi, ilikuwa imetulia sakafuni yote miwili. Nikadhani anazimia. Akavuta maikrofoni karibu na mdomo, akatazama upande wa Bi Inshirah, akaona Bi Inshirah naye ana plagi yake mkononi, na akauliza hivyo hivyo.

"Bwana Nazmi. Yule mtoto aliyekuwa akikuletea chakula. Ni wako?"

Mkwaruzo wa nyaya. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kiganja.

"Ni wa marehemu kaka yangu," akasema. "Aliacha mabinti wanne. Wananiita baba kwa sababu hawakumjua mwingine."

Akaeleza polepole, neno kisha pumziko, kama alivyokuwa akijaza miraba. Kwamba kwao mtu akiachiwa mayatima wa kike, haingizi mke nyumbani mpaka awe amewaoza wote, asije mke akawanyanyasa na watu wakasema. Kwamba alijiwekea ahadi hiyo juu ya kaburi la kaka yake. Kwamba yule mdogo kabisa, yule yule wa chakula, ameolewa majuzi, baada ya mavuno ya miwa. Na kwamba nyumba sasa imekuwa kubwa mno.

"Nilipanga kusema leo," akasema. "Saa ya kukata laini. Ili ukinikataa, nisilazimike kuisikia sauti yako kesho asubuhi ukiniambia Sohag, nipe namba fulani."

Mimi machozi yalikuwa yameshanitoka, sina aibu kusema. Dawlat hakulia. Alikaa wima akamwambia kwa sauti ndogo kwamba wazee wamesoma Fatiha Ijumaa.

Angekuwa mtu mwingine angelalamika, angeuliza kwa nini hukuuliza, na Dawlat angemuuliza kwa nini hukusema, na wangegombana hapo mpaka saa kumi. Nazmi alikuwa mtu wa dini na mtu wa kusini. Mwanamke aliyekwisha kuposwa haposwi juu ya posa ya mwenzio, kwake hilo halikuwa na mjadala. Akasema Mungu awabariki, awape mema. Kisha akakohoa.

"Tuna miraba iliyobaki," akasema. "Tuimalize."

Wakaimaliza! Nimeona mambo katika maisha yangu, nimezika wazazi, nimezaa, lakini sijaona kitu kilichoniuma kama wale wawili wakitajiana herufi. Wakamfuta mfalme, wakaweka mwingine, na yale maneno matatu madogo yakaingia bila shida. Nazmi akasema ahsante, Bi Dawlat. Plagi ikachomolewa.

Ilikuwa saa nane na kitu. Dawlat akavua visikilizio, akavitundika, akachukua mkoba. Bi Inshirah akasimama na kumuuliza anakwenda wapi katikati ya zamu. Dawlat akamjibu anakwenda dukani kwa Haji Shawqi kutazama mabeseni. Akatoka, na tukamsikia akishuka ngazi kwa kukimbia. Bi Inshirah akanitazama mimi. Nikajitia hamnazo, nikamuunganisha na mji wa Tanta mtu ambaye hakuuomba.

Ya dukani alinihadithia mwenyewe baadaye. Alimkuta Haji Shawqi ameketi katikati ya vigae anakula fuuli ya maharage kwa mkate, akamwambia wima wima, bila hata salamu, kwamba alikubali akiwa na jambo moja ambalo aliliamini kwa muda mrefu, na leo amegundua si kweli, na kwamba kuolewa naye huku akijua ni kumdhulumu. Haji akaweka mkate chini. Akauliza kama kuna mtu. Dawlat akasema yupo, lakini hata yeye hajui kama bado yupo. Haji akafuta mikono, akafikiri. Akasema bora leo kuliko baada ya ndoa, na kwamba atampelekea habari Bi Tafida kwa ustaarabu, aseme yeye ndiye aliyebadili nia, ili binti asisemwe. Ila kitu kimoja kinamsikitisha. Alikuwa ameshaagiza beseni la rangi ya waridi kwa ajili yake, na rangi ile watu wa Moharram Bey hawainunui. Dawlat alisema hapo ndipo alipolia, mbele ya beseni.

Sisi ofisini tulikuwa tunatazama saa ya ukutani. Fundi mmoja alishashika kisu chake cha nyaya, amesimama nyuma ya ubao wa Dawlat, anauliza kama aanze. Nikamwambia asubiri, kuna simu ya serikali. Akauliza ya nani. Nikamwambia ya waziri, na kama ana ubavu akate. Bi Inshirah alisikia uongo wangu waziwazi, akageuza uso akaanza kupanga kalamu zake.

Dawlat akaingia, hijabu imemkaa upande, vumbi la vigae kwenye sketi, hawezi hata kupumua. Hakukaa. Alivaa visikilizio akiwa amesimama, akachomeka Sohag.

"Sohag," Nazmi akasema, sauti ya kikazi, kama kwamba hawajawahi kufahamiana.

"Sina ahadi na mtu," Dawlat akasema.

Mkwaruzo. "Laini mbaya. Rudia."

"Nimesema sina ahadi na mtu! Haji ameniachia!"

"Sikusikia vizuri, Aleksandria."

Dawlat akashika maikrofoni kwa mikono miwili, akapaza sauti ambayo ukumbi ule haukuwahi kuisikia, na wafuma sweta wakaacha kufuma, na fundi akashusha kisu.

"Sina mtu, Nazmi! Njoo!"

Mwanamke mtu mzima, mbele ya ofisi nzima ya serikali, saa ya kazi, ametaja jina la mwanamume bila bwana wala nini, na amemwita. Nikamtazama Bi Inshirah, nikingoja dunia iishe. Alikuwa amejichomekea plagi yake, mkono umeshika kisikilizio sikioni, na kidevu kinamtetemeka.

"Ijumaa kuna treni ya asubuhi," Nazmi akasema. Na baada ya pumziko lake lile lile: "Nilikusikia tangu mara ya kwanza. Nilitaka tu uniambie tena."